Digrii ya sayansi ya utambuzi kwa mtandao nikiwa Lamu: uzoefu wangu

Wacha niseme mapema, kama unaingia sayansi ya utambuzi ukidhani utafundishwa kusoma tabia za watu na kumjua muongo kwa macho, hutomaliza semista. Mimi nimeimaliza kwa mtandao, chuo cha nje (sikitaji jina, mbele utaona kwa nini), nikiwa hapahapa Amu, na bado naipenda, ila linalotangazwa na utakalolikuta ndani ni vitu viwili.

Ni elimu ya namna akili inavofanya kazi, na ndani kuna saikolojia, isimu, falsafa, kompyuta, neva na anthropolojia, zote kwa pamoja. Wenyewe huhesabu ilizaliwa 1956 kwenye mkutano wa MIT, chuo cha Marekani, mwanasaikolojia George Miller na mwanaisimu Chomsky wakawasilisha kazi zao, watafiti Newell na Simon wakaja na programu ya kompyuta inayothibitisha hoja za mantiki. Kwa hivo usishangae mwaka wa kwanza tu washakutia Python (lugha ya kuandikia programu) na takwimu. Hio takwimu ndo iliyowamaliza wenzangu, grupu letu la WhatsApp lilianza limejaa, kufika mwaka wa pili tumebaki wachache tunapeana moyo saa saba za usiku maana vipindi vya laivu vimepangwa kwa saa za kwao.

Sasa utamu wake ni majaribio. Kuna programu ya bure ya kutengenezea majaribio ya saikolojia, yaitwa PsychoPy, ukishaidaunlodi huhitaji bando tena na hata kwenye laptopu kuukuu inakwenda. Tukapewa kazi ya Stroop, lile jaribio la 1935, neno "nyekundu" limeandikwa kwa rangi ya kijani na wewe utaje rangi sio usome neno. Nikaiweka kwa Kiswahili nikawakalisha mabinamu ukumbini. Mmoja ni hafidh mashallah, Qurani yote kichwani, akakaa akijiamini kweli, mara "nye... nye... kijani!" nyumba nzima kicheko, na mashine inarekodi kwa milisekunde alivochelewa. Halafu mdogo wetu ambaye hajajua kusoma akataja rangi zote bila kusita! Kumbe kusoma kwenyewe ndo kunakoingilia, ukishajua huwezi kukuzima. Mhadhara wa saa nzima haukuniingia kama lile jioni moja.

Na kumbukumbu pia. Miller alisema kichwa hushika kama vitu 7 kwa mpigo, baadae mwaka 2001 mtafiti mwengine, Cowan, akaishusha mpaka kama 4, na ujanja ni kuvifunga mafungu. Namba zetu za simu ni tarakimu 10 lakini nani husoma mojamoja, ni nne, tatu, tatu. Basi nikamsomea ami dukani namba yake mwenyewe, nimeikata mbilimbili, akaniuliza "hio ya nani?"

Lisilonifurahisha ni mifano, wanaofanyiwa majaribio karibu wote ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na hili si langu peke yangu, 2010 mtafiti Henrich na wenzake walilisema wazi kwamba watu hao si kipimo cha binadamu wote. Alonigusa ni mtafiti Edwin Hutchins, yeye alitazama mabaharia wakifanya kazi yao, akaandika mpaka juu ya manahodha wa Micronesia, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambao kwa hesabu yao chombo kimesimama na visiwa ndo vinavopita. Nikambia mjomba ambaye ameendesha jahazi tangu ujana, akanitazama, "Ukishika usukani usiku si ndivo unavoona, sasa hilo nalo mpaka wende chuo?" Nikaliandika insha, nikapata maksi nzuri tu.

Kazi je? Lamu hakuna ofisi itakayotangaza nafasi ya mwanasayansi wa utambuzi, tusidanganyane. Mimi napata vibarua vya kujaribu app, nakaa na mtumiaji natazama kidole kinasita wapi, kitufe gani hakioni, naandika ripoti natuma. Python ndo inayonilisha zaidi kuliko falsafa, ingawa falsafa ndo niliyoipenda. Mama akiulizwa mwanawe kasomea nini hujibu "kompyuta" na maneno yaishia hapo.

Ningemshauri mtu aichukue? Kama hesabu haikutishi na una laptopu yako mwenyewe, ndio. Kwa simu peke yake usijaribu. Na kabla hujalipa uliza mtihani unasimamiwa vipi, maana wetu ni wa kamera, umeme ukakatika mtaa mzima katikati ya karatasi ya neva, mfumo ukaandika nimeondoka kwa kudanganya, nikatuma barua pepe wee, jibu ni lile lile la mashine, mwisho nikalipia kuurudia. Nyota nne. Ya tano waliila na ile ada.