Nimetoa injini ya nitro nikatia mota: mambo ya gia na tairi yaliyonitoa jasho hapa Mombasa

Kwanza lori lenyewe. Ni lori la rimoti saizi ya 1/8, yani moja ya nane ya gari la kweli, la nitro, mtumba, stika zishabanduka zote kwa hivo hata kiwanda chake sikijui. Nililinunua kwa jamaa wa Tudor alokua anahama nyumba, akanipa na chupa ya mafuta iliyobaki robo. Robo ile ilikata wikendi moja. Sasa nitro si kitu cha kuingia petroli stesheni ukasema nitilie ya mia mbili, ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, ukikosa wa kukuletea lori linakua pambo la kabati. Na ile kelele, yani ukiliwasha mtaani alasiri watu wamelala utatukanwa mpaka na paka. Nkasema natoa injini, natia mota na betri, mambo yaishe.

Hayakuisha.

Kosa langu, na naona wengi twalifanya, nilinunua mota kabla ya kufikiria kitu chengine chochote. Niliiona mtandaoni, 3650 ya 3900kv, elfu sita pamoja na spidi kontrola yake, kile kisanduku cha kuigawia mota umeme, muuzaji kaisifu mpaka basi. Mie nilidhani kv ni nguvu, kumbe kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo, basi, haikwambii kitu kuhusu nguvu. Betri ya seli tatu ni volti 11.1, zidisha kwa 3900 wapata mizunguko 43,290, namba tamu kweli, lakini hiyo 3650 maana yake kipenyo milimita 36 urefu 50, ni kimota cha vigari vya 1/10, na lori langu likiwa na betri na tairi zake lilisoma kilo nne u nusu kwa mizani ya duka la nafaka.

Kitako cha mota nilichongewa na ami mmoja fundi wa Majengo, kipande cha alumini cha milimita 5 akakikata tundu mbili ndefu ili mota iweze kusogea mbele nyuma unapopanga gia. Akaikamata ile mota kwa vidole viwili, akaniangalia.

"Mwanangu, hii ndo ya kuvuta lori lote hili?"

Nkamwambia ami, hiyo yazunguka mara elfu arubaini na tatu kwa dakika.

"Nzi naye apiga mbawa nyingi," akasema, "lakini umemuona wapi akivuta mkokoteni?"

Nkacheka. Nilimlipa nkaenda zangu.

Jumapili ilofuata nkaenda ufukweni Bamburi, ilikua bamvua, maji yamekupwa mbali kweli na mchanga wa chini umeshikana ngumu kama lami. Nimefunga pinyoni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 17, gia kubwa inayoizungusha ni meno 46, difu zangu, zile gia za kugawa nguvu kwa magurudumu, ni 43 kwa 11, tairi zile zake kubwa za milimita 150. Hesabu nilikuja kuipiga baadaye nyumbani: 46 gawa kwa 17 mara 43 gawa kwa 11 inakuja kama 10.6, na kwa tairi ile ni karibu kilomita 115 kwa saa. Kwa kimota kile! Ni sawa na kumfunga punda kontena. Kwa mchanga mgumu lilitoka kwa kujivuta vuta, likashika mwendo, watoto wakashangilia, halafu nkafanya ushujaa wa kulipandisha kule juu kwenye mchanga mkavu. Dakika ya nne hivi nkasikia harufu. Kama umewahi kusimama karibu na fundi wa kusuka mota za pampu waijua, ile vanishi ya waya ikiungua. Kipima joto cha kulenga kikasoma nyuzi 118. Mie mota yangu sitaki ipite 80, kwa sababu sumaku za ndani zikipikwa zinapoteza nguvu na hazirudi, mota itazunguka vizuri tu lakini itakua inakula umeme mwingi na kuchemka haraka zaidi kuliko mwanzo. Yangu haikufika huko, ilikufa palepale na spidi kontrola yake. Muuzaji nilipomuandikia akanijibu nimeitumia vibaya, na ukweli kusema hapo hakukosea, ila ile spidi kontrola ilokua imeandikwa haiingii maji na ndani imejaa chumvi, hilo hakulijibu mpaka leo.

Basi nkaanza upya, safari hii kutoka chini kwenda juu. Tairi, halafu gia, halafu mota.

Tairi ni gia pia, hii ndo sentensi ambayo ningeambiwa mapema ningeokoa elfu sita. Tairi ya milimita 150 ikizunguka mara moja lori lasonga sentimita 47, ya 115 lasonga 36. Kwa hivo pinyoni ya 13 na tairi ya 150 inakupa mwendo sawasawa na pinyoni ya 17 na tairi ya 115, nimezipiga zote mbili kwa mota niliyo nayo sasa na zatoka kwenye kilomita 66 na kitu. Ukibadilisha tairi hujagusa pinyoni, ujue umeshabadilisha gia bila kujua, na mota ndo italipa.

Na tairi zenyewe zina vituko. Zile laini za bei rahisi, lori likikimbia zavimba kama mahamri, zarefuka juu na kukonda upana, yani spidi yaongezeka huku mgusano na ardhi wapungua, likikita kibonde kidogo tu lapinduka. Nilijaribu kuzibandika utepe mgumu kwa ndani, ukasaidia wiki mbili. Sasa nina zenye mkanda ndani, ni nzito zaidi lakini hazivimbi. Lengine ni maji. Rimu nyingi zina vitundu vya kupumua, ukipita kwenye maji ya bahari yaingia kwenye sponji na hayatoki, tairi moja yangu nilipima ikiwa imeongezeka gramu mia na kitu. Nkaziba vile vitundu vya rimu, nkatoboa viwili vidogo kwenye ngozi ya tairi, kimoja huku kimoja mkabala, ikizunguka maji yarushwa nje yenyewe. Na usifanye nilivofanya mie kutia tairi za makasia, zile za mapezi ya kuchota mchanga, kubwa nyuma na ndogo mbele ati mchanga, lori langu halina difu ya katikati, mbele na nyuma zafungana kwa shafti moja, zikitofautiana kipenyo zinapigana zenyewe kwa zenyewe na joto lote larudi kwa mota.

Mota niliyoishia nayo ni Hobbywing 4274 ya 2200kv na spidi kontrola yao EZRUN MAX8 ya ampia 150. Bei yake mke wangu nilimwambia nusu. Kipenyo 42, urefu 74, shafti ya milimita 5 badala ya kile kisindano cha 3.17, ukiishika tu wajua hii ni mota. Natumia seli nne, volti 14.8, ambazo ni betri mbili za seli mbili nimeziunga mfululizo kwa sababu lori lina visanduku viwili, kimoja kila upande, na uzito wakaa sawa. Kv ni ndogo, volti ni nyingi, kwa kazi ileile ampia zapungua, na ampia ndo zinazochemsha.

Nikaanza na pinyoni 15. Hesabu yasema 77 kwa saa, kwa nyasi za uwanjani ikawa sawa, nyuzi 68. Bamburi mchanga mkavu ikapanda 91 kwa dakika nane nkasimamisha. Nkashuka 13, mchanga uleule, dakika kumi, 74. Na huo ni mwezi wa Machi, hapa kwetu hewa yenyewe yashinda 32, 33 mchana, kwa hivo msomaji wa Limuru kwenye baridi ukiona namba zangu usizichukue kama zilivo.

Kufunga gia: kata kipande cha karatasi ya daftari, kiweke baina ya pinyoni na gia kubwa, zisukume zibanane, kaza mota, zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, iko sawa. Skrubu ya pinyoni ikae kwenye ule ubapa wa shafti na uitie gundi ya buluu ya kushikilia skrubu, mie niliipuuza nkaisikia ikisaga siku nlokua nawaonyesha wageni, aibu tupu.

Malalamiko? Yapo. Mota haina sensa ya kuiambia spidi kontrola imesimama wapi, kwa hivo ukitaka kulitoa polepole kabisa latetemeka kidogo kabla ya kushika. Breki zilikuja kali, diski ya zamani nishaitoa kwa hivo mota ndo inayosimamisha, na kwa tairi ndefu nlikua nikigusa breki lalala kifudifudi, nkapunguza mpaka asilimia 35. Beringi za magurudumu ndo zanisumbua mpaka sahii, maji ya chumvi hayana adabu, hata nikiliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kulipuliza na kutia oili jioni ileile, zikifika mwezi wa pili tangu nizitie zaanza kulia.

Nlimrudia ami na lori limekamilika, akalizungusha tairi kwa mkono, akaikamata ile mota, safari hii kwa kiganja kizima. Hakusema kitu, akauliza tu kama lina taa.

Pinyoni ya 17 iko kwenye droo, ni chuma nzuri, saizi ya meno modi 1, nilishaitanua tundu ikawa ya shafti ya 5. Mwenye lori jepesi la tairi ndogo na uwanja wa lami aje aichukue kwa bei ya sahani ya viazi karai na ukwaju wake.