Mafuta ya Kenya: zabuni ya wazi au mkopo wa Ghuba?

Hadi mapema 2023, Kenya iliagiza mafuta kwa zabuni ya wazi: kampuni zilishindana, aliyetaja gharama ndogo ya kuleta shehena akaagizia wenzake wote. Tanzania bado inafuata njia inayofanana na hiyo, kwa uagizaji wa pamoja. Uzuri wake ni ushindani wa kila mara. Ubaya? Dola zilitakiwa upesi, na wakati ule benki za Nairobi hazikuwa nazo za kutosha.

Ndipo ukaja mpango wa serikali kwa serikali na kampuni za mafuta za Ghuba, yaani Saudi Aramco ya Saudi Arabia, na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu, wenye muda wa siku 180 kulipa. Hapa ndipo wengi wanachanganya mambo. Bei ya mafuta yenyewe bado inafuata soko la dunia. Kinachopatanwa ni usafirishaji na faida ya muuzaji. Kwa hiyo hakuna bei ya urafiki. Na mkopo haufuti deni, unalisogeza tu: anayenunua dola ikiwa juu zaidi miezi sita baadaye huumia. Shilingi ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kisha ikapata nguvu baada ya bondi mpya ya Februari, yaani mkopo wa dola ambao serikali ilichukua kwa wawekezaji wa nje, si kwa sababu ya mafuta peke yake.

Uganda ilichoka kununua kupitia kampuni za Kenya, ikaipa UNOC, kampuni yake ya taifa ya mafuta, kazi hiyo pamoja na Vitol, kampuni ya kimataifa ya kuuza mafuta.

Mimi, dola zikipatikana, ningerudi kwenye zabuni.