Manati: tyubu ya baiskeli, mrija wa lateksi au mpira bapa?

Haya wadau, karibuni. Hapa mezani nina manati tatu. Panda zote ni za mpera, nimezichonga zikalingana, ili mpira ukifanya vibaya tusije tukausingizia mti. Hii ya kwanza nimeifunga tyubu ya baiskeli, ile ile ya kwa fundi. Hii ya kati ina mrija wa lateksi, yaani mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti, namba 1745. Na hii ya mwisho ni mpira bapa, nao wa lateksi, wenye unene wa milimita 0.7.

Sheria kwanza, niiseme mara moja tuendelee. Tanzania tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda kunataka kibali. Kenya ndiyo kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo nikisema windo hapa, namkusudia mwenye kibali chake, au mkulima anayepambana na panya shambani kwake. Na ninyi ndugu zetu mlioko Uingereza mnaofuata sungura, mwombeni ruhusa mwenye shamba.

Sasa tuanze na tyubu, maana wengi wetu ndiyo tumekulia hapo. Naivuta... mnaona? Inagoma mapema. Halafu nikiiachia inarudi kivivu. Sababu iko kwenye mpira wenyewe: tyubu nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa butili, mpira wa kiwandani unaosifika kwa kushika upepo. Kushika upepo ni kazi moja, kurudi kwa kasi ni kazi nyingine. Wazee wanaosema tyubu nyekundu za zamani zilikuwa kali hawadanganyi, zile zilikuwa za mpira wa asili. Butili nayo ina sifa yake, jua haliimalizi haraka. Ukiisahau juu ya bati wiki nzima utaikuta inafanya kazi.

Kuna kijana aliniuliza kama mpira wa dripu unafaa. Haufai, ile ni plastiki. Wa hospitali unaofaa ni ule laini, rangi ya asali, wanaokufunga mkononi wakitaka kukutoa damu. Ule ni lateksi. Ila ununue dukani, usiende kuuchomoa zahanati.

Haya, mirija. Namba zake zinawachanganya watu bure. 1745 maana yake tundu la ndani milimita 1.7, upana wa nje milimita 4.5. 2040 ni 2.0 kwa 4.0, na 3060 ni 3 kwa 6. Ukilijua hilo muuzaji hakubabaishi. Mrija haukatwi pembeni, kwa hiyo hauna ukingo wa kuanzia kuchanika, ndiyo maana unadumu kuliko mpira bapa. Kuufunga ni rahisi, hata mtu asiye na mkono mwepesi anaweza. Kasoro yake ni kwamba kwa nguvu ile ile unayotumia kuvuta, gololi inatoka polepole kidogo kuliko kwenye mpira bapa.

Tazama kopo hili la soda. Niko hatua kumi na tano, gololi ya chuma ya milimita 9.5. Tyubu... limebonyea, linaning'inia tu. Mrija... umetoboa upande mmoja, gololi imebaki ndani, sikia inavyolia. Mpira bapa... pande zote mbili. Sogeza kamera hapa, tundu la kuingilia limekaa duara, la kutokea limechanika kama nyota.

Lakini mpira bapa unataka adabu, na hapa nitakaa kidogo. Usiukate kwa mkasi. Mkasi unaacha meno madogo ukingoni, huyaoni mpaka uvute, na mpasuko unaanzia pale pale. Tandika kwenye ubao, weka rula ya chuma, kata kwa wembe mpya, mara moja bila kusimama. Upana usiwe mmoja kote. Mimi hapa upande wa panda nimeweka milimita 22, upande wa ngozi inayoshika gololi 15. Ukiwa mwembamba kuelekea kwenye ngozi unarudi kwa kasi zaidi, halafu siku ukichoka utakatika huko huko kwenye ngozi. Hilo ndilo tunalolitaka. Ukikatikia kwenye panda unarudi usoni kwako. Kwa hiyo miwani, hata kama unapiga makopo tu. Hilo sina mjadala nalo.

Urefu: mwambie mtu akupime kutoka kwenye panda mpaka shavuni unapovutia. Mimi ni sentimita 75. Lateksi nzuri inavutika mara tano bila kuteseka, kwa hiyo gawanya kwa tano, unapata 15 kati ya fundo na fundo. Ukiacha 20, utakuwa na manati laini isiyochoka na isiyofanya kazi ya maana. Ukibana mpaka 12, itapiga kweli, lakini hutakaa nayo.

Kwenye gololi ndipo watu wanapopoteza hela. Chuma cha milimita 8 ni kama gramu 2.1, cha 10 ni gramu 4, cha 12 ni gramu 7. Mpira mzito ukirusha kigololi cha 8, nguvu kubwa inaishia kujirusha wenyewe na kukuchapa mkono. Kwa huu wangu naweka 9.5 au 10. Kwa njiwa na panya inatosha, ukiwa karibu, hatua kumi mpaka kumi na tano, na unalenga kichwa. Ukijiona huwezi kupiga kifuniko cha soda kwa umbali huo, usimnyooshee kiumbe, utamjeruhi akafie vichakani. Risasi za madini ya risasi sizitumii kwa nyama ya kula, ile ni sumu. Na wale wa mpunga, Mbarali na Kilombero, mnaofukuza kwelea: finyangeni gololi za udongo, mzikaushe juani. Chuma kikibaki shambani kitakutana na kombaini.

Kutunza: mbali na jua, na usiutupie kwenye boksi la spana, oili inaulainisha mpira wa asili mpaka unavimba. Poda ya mtoto kidogo, kwenye mfuko, basi.

Ningechukua upi? Shambani kila siku, mrija 1745, sifikirii mara mbili. Kwa windo lenyewe, mpira bapa, na nabeba wa akiba tayari umefungwa. Tyubu namwachia mtoto anayejifunza kulenga, kwa udongo.

Kinachoniudhi ni kwamba hii mipira yote nimeagiza China, wakati mashamba ya mpira tunayo, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Morogoro. Kama kuna mdau anamjua mtu anayemimina shuka za lateksi hapa hapa nchini, aniandikie hapo chini, nitanunua na kuzipima mbele yenu.