TAHADHARI: Transponda "mpya" iliyofika Tabora na namba ya ndege ya Marekani

Wadau wenye ndege ndogo, hasa sisi wa Tabora, Kigoma na Mpanda tunaoagiza vifaa kwa simu kwa kuwa maduka yako mbali: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza transponda, kile kifaa cha ndege kinachoijibu rada. Sisi katupiga Sh 4,500,000. Jina alilotupa siliweki hapa, maana sidhani hata kama ni lake. Nitaeleza anavyofanya, mtamtambua wenyewe.

Mimi ndiye ninayeshika makaratasi na manunuzi ya ndege ya Mzee, Cessna ya viti vinne. Transponda yake ya zamani ilianza kuzingua: mara inaonekana, mara imepotea. Kwa asiyeijua, rada huuliza kwa megahezi 1030, transponda hujibu kwa 1090, ikitaja namba ya tarakimu nne uliyopewa na mwongoza ndege, pamoja na urefu uliopo kwenda juu. Ndege za abiria zinazotoka Dar kuja huku nazo zina mtambo wa kuepusha kugongana unaouliza vivyo hivyo. Usipojibu, mtambo ule haukuoni kabisa. Rubani mwenzako anabaki na redio na macho yake. Kwa hiyo haraka yetu ilikuwa ya kweli, na yule bwana aliinusa.

Alianza vizuri mno. "Shikamoo Mzee" kila asubuhi, mimi ananiita bosi wangu. Akatuma picha ya transponda ya Modi S, aina inayotaja pia utambulisho wa ndege yenyewe, imelazwa kwenye zulia jekundu, na picha ya fomu 8130-3 ya Marekani, ile inayothibitisha kwamba kifaa kinafaa kufungwa kwenye ndege. Kifaa kipya, akasema, hakijaguswa. Nikaomba picha ya kibati cha namba, akajibu boksi limeshafungwa kwa safari. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Wakati wa kulipa simu ikaleta jina jingine kabisa. Nikamuuliza, akasema ni shemeji yake ndiye anayemshikia hela. Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke sana.

Mzigo ulikuja kwa basi, umeviringishwa kwenye magazeti. Injinia wetu mwenye leseni alipoutoa tu akauliza, "Mdogo wangu, hii umeinunua au umeiokota?" Nyuma kulikuwa na plagi yenye nyaya zilizokatwa kwa mkasi, zinaning'inia. Chombo kilichomolewa kwenye ndege ya mtu, na aliyekichomoa alikuwa na haraka kuliko sisi. Fremu ya kukifungia kwenye dashibodi haikuwemo. Namba ya kwenye kibati na ya kwenye fomu zilipishana tarakimu mbili za mwisho.

Akakiwasha mezani, akikiacha kwenye hali ya kusubiri kisirushe mawimbi bila antena. Kioo kikawaka, na usajili ukatokea: herufi N na namba zake. Ndege ya Marekani! Zetu huanza na 5H. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, anwani ya Modi S ikaanza na A. Hili lishikeni, maana ndilo lililomvua nguo muuzaji: kila ndege yenye Modi S ina anwani yake ya biti 24, huandikwa kwa alama sita, na hutolewa na nchi iliyoisajili. Za Tanzania huanza na 080, nawe unapewa yako na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Ungeruka na ile ya Mmarekani, rada ingekutambua kwa jina la mwingine. Anwani inaweza kubadilishwa, hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kifaa "ambacho hakijaguswa" hakiwezi kuja na jina la ndege nyingine tumboni.

Nilipompigia hakugombana hata kidogo. Akasema atatutumia fundi wake Tabora, tulipie nauli na malazi, atafunga kwa siku moja bila "usumbufu wa makaratasi", na antena ataibandika ndani nyuma ya kiti. Injinia alicheka mpaka akakaa chini. Antena ya transponda hukaa chini ya tumbo la ndege, imegusana na bati tupu lisilo na rangi, kwa kuwa bati lenyewe ni sehemu ya kazi yake, na huwekwa mbali na antena ya DME, kifaa cha kupima umbali, kwa sababu masafa yao yamepakana. Kisha hupimwa kwa mashine, urefu inaoutaja hulinganishwa na altimita (kipimo cha urefu cha rubani), na anayefunga anasaini kwenye kitabu cha ndege. Fundi asiyetaka makaratasi hana cha kusaini.

Nilipokataa kutuma nauli, akanibloku. Tumeripoti polisi na tumepewa RB, ila laini ile haipatikani tena.

Kwa anayezungumza naye sasa hivi: mwambie aandike tarehe ya leo kwenye karatasi, ailaze juu ya chombo, apige picha kibati kikisomeka, kisha mpe injinia wako ailinganishe na fomu kabla shilingi haijatoka. Na umwombe aiwashe kwa video, uone usajili unaotokea.

Juzi picha ileile ya zulia jekundu nimeiona kwenye grupu jingine. Namba ni mpya, muuzaji anasema yuko Kigoma, Mwanga, na bei imeshuka mpaka 3,800,000. Transponda yenyewe iko hapa Tabora, kwenye droo yangu.