Baldi's Basics: Swali la Tatu Ndilo Lenye Hadithi

Haya, karibuni tena jamani. Leo tunarudi shuleni, na kabla hujakimbia nikwambie mapema: gemu hii ina sura mbaya. Mbaya kabisa. Huyo mnayemwona hapo ndiye mwalimu, Baldi. Shati la kijani, midomo myekundu, upara, na unywele mmoja umesimama utosini kama antena. Kuta zina rangi za kuumiza macho. Wanafunzi wengine ni picha bapa tu, ukizunguka nazo zinakugeukia.

Inaitwa Baldi's Basics in Education and Learning. Aliyeitengeneza ni Micah McGonigal, na aliitoa bure tarehe 31 Machi 2018 kwa ajili ya shindano la watengeneza gemu, ikashika nafasi ya pili. Ubaya wa sura ni wa makusudi. Alikuwa anaigiza zile gemu za elimu za kompyuta za miaka ya 1990, zile zinazomsifu mtoto kila akibonyeza kitu, na mwenyewe anaitaja Sonic's Schoolhouse ya mwaka 1996 kama chanzo cha wazo. Kama uliwahi kukalishwa mbele ya programu ya namna hiyo na kuambiwa "ujifunze huku ukicheza", utamtambua Baldi kabla hajafungua mdomo.

Watu wengi wameimaliza wakasema, sawa, gemu ya kutisha, mwalimu anakufukuza, basi. Hadithi haina. Mimi nasema ina hadithi, na imefichwa mahali ambapo hatujazoea kutafuta. Haipo kwenye mazungumzo wala kwenye barua iliyosahaulika mezani. Ipo ndani ya kanuni za mchezo wenyewe. Kuanzia hapa nafichua kila kitu, mwisho wa siri pia, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu asimamishe video sasa hivi, akacheze, arudi. Dakika kumi na tano zinatosha.

Umebaki? Twende.

Anza na maelezo ya mwanzoni, yale ambayo kila mtu anayaruka. Rafiki yako amesahau madaftari saba shuleni. Hawezi kuyafuata mwenyewe kwa sababu atachelewa mazoezi ya kula. Ndiyo, ya kula. Unacheka, unaendelea. Lakini tulia kidogo hapo. Madaftari si yako. Hukuja kusoma, wala hakuna aliyekuita darasani. Umeingia kwenye jengo lililo karibu tupu kuchukua mali ya mtu mwingine, na mwalimu anakukaribisha kwa bashasha kana kwamba alikuwa anakusubiri. Kila ukiokota daftari, linafunguka, na badala ya kulipeleka kwa mwenyewe unaanza kutoa majibu ya hesabu za mtu. Tangu dakika ya kwanza umekosea, na hakuna aliyekuambia.

Daftari la kwanza ni maswali matatu mepesi, kujumlisha na kutoa. Ukipata yote, Baldi anakusifu kupita kiasi na kukupa sarafu inayong'aa. Kwa hiyo sarafu unaweza kununua soda au kitu cha kutafuna kwenye mashine. Kila kitu kitamu.

Daftari la pili. Swali la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu... tazameni hapo kwenye skrini. Tarakimu zimepandana, zimemwagika juu ya nyingine, na sauti iliyokuwa inakusomea swali imegeuka mlio wa kukwaruza. Hakuna jibu. Nimeona watu wakipiga picha skrini, wakakuza, wakajaribu kutenganisha namba. Msijisumbue. Halijibiki. Unaandika chochote, unakosa, muziki unakatika, na maandishi yanatokea yakisema nasikia kila mlango unaoufungua. Tabasamu la mwalimu limekwisha. Ukitoka nje unasikia rula inapigwa kiganjani. Pa. Pa. Pa.

Sasa piga hesabu nami. Madaftari saba, kila moja maswali matatu, jumla 21. Kuanzia daftari la pili hadi la saba, swali la tatu haliwezekani. Hayo ni sita. Maana yake mwanafunzi bora kuliko wote, anayejua kila kitu, anapata 15 kwa 21 na anafukuzwa na rula vilevile. Gemu hii haijaacha nafasi ya kuwa mtoto mzuri. Shikilieni hilo, nitalirudia.

Kuhusu namna Baldi anavyofanya kazi: hatembei kama mtu. Anasogea kila anapopiga rula, hatua moja kwa pigo moja. Ukikosa jibu, mapigo yanakaribiana. Na anakutafuta kwa masikio. Kufungua mlango ni kumwita. Kwa hiyo unajifunza kusikiliza umbali, unajifunza kutofungua mlango usiohitaji. Hii sehemu imetengenezwa kwa akili sana, na mtu akiniuliza kwa nini gemu ya picha mbovu inatisha kuliko zile za fedha nyingi, nitamjibu ni rula. Unaisikia dakika nzima kabla hujamwona.

Halafu kuna Mwalimu Mkuu. Kwangu mimi huyu ndiye mhusika wa kutisha zaidi, ingawa hawezi kukuua. Anazunguka akitekeleza sheria. Usikimbie kwenye korido. Usinywe soda kwenye korido. Usiingie vyumba vya walimu. Akikukamata, anakupeleka ofisini na kukufungia sekunde 15, na ukirudia makosa muda unaongezeka. Tena kelele ya kufungiwa inamfikia Baldi, anajua pa kuja.

Fikiria hali ilivyo. Nyuma yako kuna mtu mzima mwenye rula anayetaka kukumaliza, na mtu mzima mwingine mbele yako anakuadhibu kwa sababu umekimbia. Baldi anapita mbele ya Mwalimu Mkuu akipiga rula yake, na haulizwi neno. Sheria zote za shule hii zinamhusu mtoto. Kuna mnyanyasaji mmoja anayeziba njia na kukunyang'anya vitu, yule Mwalimu Mkuu anamwondoa akimwona, kwa hiyo si kwamba sheria hazifanyi kazi. Zinafanya kazi vizuri sana. Ila hazikuandikwa kwa ajili ya mwenye rula. Hakuna mhusika anayetamka jambo hili popote. Mtengenezaji amelipanga tu, akakuacha ukimbie katikati yake mpaka ulione.

Jambo jingine dogo nililolipenda: mabango yanayoeleza tabia za wahusika yamebandikwa kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu. Na kile kicheza kanda, ambacho ukikipatia kanda yake Baldi anapoteza usikivu kwa muda, nacho kiko humohumo. Mtoto mtiifu asiyewahi kuadhibiwa hana sababu ya kuingia humo.

Wengine nawapitia haraka. Msichana wa kamba anakulazimisha kuruka mara tano huku rula inakaribia, na mkasi unamaliza tatizo hilo, ingawa utajisikia vibaya. Fagio linalofagia kila kitu, pamoja na wewe. Roboti anayekumbatia na kukusukuma. Soksi yenye wivu, inayokukasirikia ukiwa na madaftari yote. Wanachekesha, wanasumbua, kwa upande wa hadithi sioni wanachobeba, na wale wanaotoa video za saa nzima kuthibitisha kwamba kila mmoja ni mtoto aliyefariki, samahani ndugu zangu, sijaona ushahidi ndani ya gemu. Mnapika mboga bila kuwasha moto.

Ukipata daftari la saba, Baldi anakupongeza, kisha anakuambia utoke kama unaweza. Kuna milango minne ya kutokea. Ukiufikia wa kwanza unageuka ukuta, na shule nzima inakuwa nyekundu. Wa pili, ukuta. Wa tatu, ukuta. Wa nne ndio unafunguka. Umeshinda.

Au umeshinda nusu.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya 15 kwa 21. Kuna mwisho wa siri, na sharti lake ni hili: ukose maswali yote. Yote 21, hata lile la moja kujumlisha mbili. Nilipolijua hili mara ya kwanza niliona ni mzaha wa kawaida wa watengeneza gemu, kumpa kazi ngumu mchezaji mkaidi. Baadaye nikaliangalia swali la tatu upya. Sita kati ya hayo umeshapewa bure. Gemu imekulazimisha kukosa mara sita, kila mara kwa vurugu na makelele, kana kwamba kuna mtu nyuma ya skrini anayeivuruga ili ugundue kitu. Tulidhani swali la tatu ni ukuta, kumbe linakuonyesha njia: kosa hapa, sasa kosa na kwingine.

Ukikubali kukosa kila kitu, hali inakuwa mbaya. Baldi anakasirika tangu daftari la kwanza. Sarafu hupati. Kufika daftari la tano, rula inalia mfululizo kama mvua juu ya bati, na kukimbia peke yake hakukusaidii tena. Lazima uwe na vitu mkononi na uijue ramani kama chumba chako. Mimi imenichukua majaribio ambayo sitawatajia idadi.

Ukitoka, unajikuta kwenye chumba kingine, ofisi hivi. Na hapo kuna mtu. Si katuni, ni picha ya binadamu, imevurugika, inatetemeka, sauti inakatika. Mashabiki wanamwita filename2, jina la faili, maana gemu haikumpa jina la kibinadamu. Anakuomba usimwambie mtu yeyote kuhusu gemu hii. Anataka iharibiwe kabla mambo hayajaharibika zaidi. Kisha sauti yake inasambaratika, na mchezo umekwisha.

Mnaona sasa ilivyoungana? Huyu ni mtu aliyenasa ndani. Hawezi kuzungumza nawe kupitia Baldi, kwa sababu Baldi anasema sifa zilizorekodiwa tu. Huo mkwaruzo kwenye swali la tatu ndio sehemu pekee ambapo gemu inaacha kujifanya gemu ya elimu. Huu ni usomaji wangu, mtengenezaji hajaniambia, lakini unaeleza jambo ambalo nadharia nyingine zinaliruka: kwa nini njia ya kumfikia ni makosa. Kila anayejibu vizuri anaendelea kuilisha programu kile inachotaka. Aliyekosa yote ndiye pekee aliyeacha kucheza kwa masharti yake.

Na ndiyo, najua. Ameomba asitangazwe, na mimi nimekaa hapa na kamera. Nimeshachelewa, watu wote mtandaoni walimtangaza kabla yangu.

Kuna matoleo mengine mawili ya kuzungumzia. Lile la Classic Remastered la mwaka 2022 limesafisha picha na kuongeza mitindo ya kucheza, na ndani yake yule mtu anarudi kama Null, safari hii yeye ndiye anayekufukuza, mpaka mnapigana kwa kumrushia vitu. Null ni neno la watengeneza programu, mahali palipotakiwa kuwa na kitu pakawa hapana kitu. Jina zuri. Pambano lenyewe linasisimua, lakini kwangu limefafanua kupita kiasi. Nilimpenda zaidi alipokuwa anatetemeka kwenye kona bila kueleweka.

Lile la Plus, lililoanza kuuzwa mwaka 2020 likiwa bado linajengwa, ndilo gemu nzuri zaidi kama gemu. Shule inapangwa upya kila ukianza, vitu ni vingi, hesabu unazifanya kwenye mashine ukutani. Utacheza wiki nzima. Ila hesabu hizo zinajibika. Ukijua, unapata. Kwa hiyo huyo Baldi ni mwalimu mkali tu, na ule mtego wa 15 kwa 21 haumo. Wapo watakaoona afadhali. Mimi niliukosa.

Mambo ya kawaida ya uchambuzi, haraka haraka. Toleo la kwanza ni bure mpaka leo, na kompyuta dhaifu inalibeba bila shida. Vidhibiti vinateleza kidogo, na nguvu za kukimbia hurudi ukisimama tu, jambo linalokera mpaka ulizoee. Kushtuliwa kupo: Baldi akikukamata sauti inapasuka ghafla, vaa vipokea sauti kwa tahadhari. Wazazi, rangi zisiwadanganye, hii si programu ya kumfundishia mtoto wa miaka mitano kujumlisha.

Mpangilio wangu ni huu: cheza lile la bure, umalize kawaida mara moja bila kutazama mwongozo. Halafu anza upya, fungua daftari la kwanza, na swali la kwanza kabisa likikuuliza kitu unachokijua tangu utotoni, andika sifuri. Tukutane kwenye maoni, uniambie ulifika daftari la ngapi.