CrystalDiskInfo: pima diski kabla ya kuendesha chkdsk

Windows ikikupa 0x80070570, inalalamikia faili au folda iliyoharibika. Ikikupa 0x8007045D, imeshindwa kusoma au kuandika kwenye kifaa chenyewe. Wengi hukimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa zote mbili. Amri hiyo hupekua sekta zote (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data), kazi ya saa kadhaa kwenye diski ya TB 1, na diski mahututi inaweza kufia hapo hapo. Ndiyo maana CrystalDiskInfo, programu ya bure kutoka Japani inayoonyesha hali ya afya ya diski, inapaswa kutangulia.

Pakua toleo la ZIP, halihitaji kusakinishwa. Standard inatosha, Shizuku na Kurei Kei zinaongeza picha za vibonzo tu.

Jambo la kwanza linalokera: thamani ghafi (safu ya Raw Values) huja kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, kwa hiyo 64 unayoiona ni 100. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC]. Kisha soma mistari minne. 05 ni sekta zilizokufa na kubadilishwa na za akiba. C5 ni zilizogoma kusomeka na bado hazijabadilishwa. C6 ni zilizoshindikana wakati diski inajikagua. C7 ni data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA inayoviunganisha. C7 haishuki hata ukiweka kebo mpya. Cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda. Kwenye Seagate, 01 na 07 huwa na namba kubwa za kutisha. Zipuuze.

Rangi za programu hii (buluu ni nzuri, njano ni tahadhari) usiziamini kupita kiasi. Sekta moja tu kwenye 05 inatosha kuleta njano, ilhali diski yenye 8 zisizoongezeka bado inafaa kwa filamu na muziki. C5 inayopanda kila siku ni habari nyingine kabisa: diski hiyo inakufa. Buluu nayo si dhamana, kwani saketi ya diski inaweza kuungua bila dalili yoyote. Kwa NVMe (SSD za kasi zisizotumia SATA), tazama Media and Data Integrity Errors. Inatakiwa iwe 0.

Kasha za USB ni udhaifu mwingine, maana baadhi hazipitishi taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea. Ukiweza, toa diski uichomeke moja kwa moja kwenye SATA.

Skrini ya buluu yenye msimbo 0x7A (Windows imeshindwa kusoma data kutoka kwenye diski) inasomeka vizuri zaidi ukilinganisha na programu hii. Kigezo cha pili (namba ya pili kati ya nne zinazofuata msimbo) kikiwa 0xC000009C, tarajia kuona C5 au 05 imepanda. Kikiwa 0xC0000185, anza na kebo na umeme wa diski.

Mistari yote minne ikiwa 0, chkdsk D: /f inatosha: hurekebisha mfumo wa faili bila kupekua sekta. C5 ikiwa na namba, usirekebishe chochote kwenye diski hiyo. Washa Linux kutoka kwenye flashi, hamisha kila kitu kwenda diski nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.map, halafu endesha chkdsk kwenye nakala. Diski mbovu (sdX) ndiyo inayotajwa kwanza, mpya (sdY) ya pili. Ukikosea mpangilio, diski tupu itaandikwa juu ya data unayoiokoa.