Kielekezi cha Kipanya kwenye Kompyuta ya Zamani: Kipi Ulipie na Kipi Usilipie

Mtu anayetaka kubadili kielekezi cha kipanya kwenye kompyuta ya zamani huwa na haja moja kati ya mbili: ama macho yake yanakipoteza kila mara kwenye skrini yenye mwanga hafifu, ama amekinai mshale mweupe alioutazama kwa miaka mingi na angependa kitu chenye sura aipendayo. Haja zote mbili ni halali, lakini hazitimizwi kwa kitu kimoja, na wengi hulipia programu ya mapambo ilhali kinachowasumbua ni kutouona mshale. Kwa sababu hiyo nimezipanga chaguo kwa vipimo viwili, yaani wepesi wa jicho kukipata kielekezi na wepesi wa mashine baada ya mabadiliko. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2, kipimo cha pili hakina budi kupewa uzito sawa na cha kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa mipangilio iliyomo tayari ndani ya Windows. Haigharimu chochote, haihitaji intaneti, wala haiachi programu ya ziada ikifanya kazi kichinichini. Kwenye Windows XP na Windows 7 unaingia Paneli Dhibiti, ambayo kwenye mashine nyingi imeandikwa Control Panel, kisha Mouse, kisha kichupo cha Pointers. Hapo utakuta orodha ya seti kamili, na chini yake hali 15 za kielekezi: ya kawaida, ya kusubiri, ya kuandika, ya kupanua dirisha na nyinginezo. Mwenye macho yaliyochoka aanze na Windows Black ya ukubwa wa juu kabisa, kwa kuwa mshale mweusi ulio mnene, wenye ukingo mweupe, hautegemei rangi ya kilicho nyuma yake.

Katika orodha hiyo imo pia Windows Inverted, ambayo hugeuza rangi ya kila kinachopitiwa na mshale: juu ya ukurasa mweupe unakuwa mweusi, juu ya picha ya usiku unakuwa mweupe. Wengi huisifia, nami niliitumia kwa muda mrefu, lakini ina udhaifu ambao mtu haugundui mpaka umkute. Kinyume cha kijivu cha katikati ni kijivu kilekile, na kwa hiyo mshale ukipita juu ya rangi hiyo huyeyuka mbele ya macho yako. Anayehariri picha kwenye programu zenye mandhari ya kijivu asiichague.

Kabla hujatoka hapo, fungua kichupo cha Pointer Options. Kuna kisanduku kinachofanya duara lijikunje kuuzunguka mshale kila unapobonyeza kitufe cha Ctrl, na kwa mtu anayepoteza kielekezi mara kumi kwa siku, kisanduku hicho kimoja kinamfaa kuliko seti yoyote ya kununua. Mkia wa mshale, kwa upande wake, ulisaidia kwenye skrini za zamani zilizochelewa kubadilisha picha. Kwenye skrini nyingine huchosha macho tu. Ikiwa mashine yako imewekewa Windows 10 toleo la 1903, lililotoka mwaka 2019, au la baadaye, sehemu ya mipangilio ina kitelezi cha ukubwa na uwezo wa kuchagua rangi yoyote unayoitaka. Kijani kikali au waridi iliyokolea si urembo mtupu hapo, kwani ni rangi ambazo hazionekani mara nyingi katika nyaraka za kawaida, na jicho huzinasa upesi.

Jambo moja huwakera wengi bila kujua chanzo chake. Unapanga kielekezi vizuri, kisha siku unayobadilisha mandhari ya skrini, mshale unarudi ulivyokuwa. Kuanzia Windows 7, chini ya kichupo cha Pointers kuna kisanduku kinachoruhusu mandhari kubadilisha vielekezi. Ondoa alama yake, kisha uihifadhi seti yako kwa jina lake kupitia Save As.

Nafasi ya pili ni seti za bure zinazotengenezwa na wachoraji na kutolewa kama faili za .cur, ambazo picha yake haisogei, na .ani, ambazo picha yake inacheza. Hapa ndipo penye uzuri mwingi, na ndipo penye hatari pia. Tarehe 3 Aprili 2007 Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, lenye namba MS07-017, kwa sababu faili ya .ani iliyotengenezwa kwa nia mbaya iliweza kuendesha amri za mshambuliaji kwenye Windows 2000, XP na hata Vista iliyokuwa mpya wakati huo. Anayetumia XP ambayo haijawahi kupata viraka asipakue faili ya .ani kabisa, atosheke na .cur.

Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba seti ya vielekezi haihitaji faili ya .exe, yaani programu inayojiendesha ukiibofya. Seti iliyotengenezwa kwa uangalifu huja ikiwa na faili za .cur au .ani pamoja na faili ndogo ya .inf, ambayo unaibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua Install, na seti nzima inajipanga kwenye orodha yake. Niliwahi kuipuuza kanuni hiyo kwa ajili ya seti moja iliyonivutia sana. Vielekezi vilikuwa vizuri kweli, lakini vilikuja na upau wa utafutaji nisioujua na ukurasa mpya wa mwanzo kwenye kivinjari, na jioni yangu nzima iliishia kuviondoa.

Baada ya usalama, kagua ncha. Picha ya kielekezi cha kawaida ina nukta 32 kwa 32, lakini nukta moja tu ndiyo inayobofya, na mchoraji ndiye anayeichagua. Ikiwa ameiweka pembeni kidogo ya ncha ya mshale, utalenga alama ya kufunga dirisha na dirisha litapanuka badala ya kufungwa. Jaribio lake ni rahisi: fungua ukurasa wa maandishi, punguza ukubwa wa herufi, kisha bofya katikati ya herufi mbili zilizobanana kama l na i. Fanya hivyo mara tano kwa kielekezi cha kuandikia, halafu ujaribu ule mshale wa kawaida kwenye alama ndogo kabisa utakazozipata. Seti inayokosea hapa haifai hata ikiwa imechorwa kwa ustadi wa ajabu. Angalia pia kama hali zote 15 zimechorwa, kwani seti nyingi zina mshale na mkono tu, na ukifika kwenye kupanua dirisha unakutana na kielekezi cha zamani kisichofanana na vingine.

Nafasi ya tatu, ambayo naipenda kuliko nafasi yenyewe inavyoonyesha, ni kujichorea. RealWorld Cursor Editor ni programu ya bure inayofungua .cur na .ani, na inakuonyesha wazi nukta inayobofya na kukuruhusu kuihamisha. Si lazima uwe mchoraji. Chukua nakala ya mshale kutoka folda ya C:\Windows\Cursors, ujaze rangi ya manjano ndani, uache ukingo mweusi, na uihifadhi kwa jina jipya. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na matokeo yake hayapatikani kwenye seti yoyote ya kupakua.

Waliohamishia kompyuta zao mfumo wa Linux wenye Xfce, eneo-kazi jepesi linalofaa mashine za zamani, hawana haja ya kutafuta mbali: seti inafunguliwa ndani ya folda ya .icons kwenye folda yao ya nyumbani, kisha inachaguliwa kwenye mipangilio ya kipanya, pamoja na ukubwa wake.

Nafasi ya nne ni kununua kipanya chenyewe, na hapa ndipo fedha inapoanza kuwa na maana. Mshale unaorukaruka hauponywi na picha mpya. Kwanza weka karatasi isiyong'aa chini ya kipanya, maana vipanya vingi vya mwanga huchanganyikiwa juu ya kioo na meza zilizopakwa vanishi; mshale ukitulia, unachohitaji ni mkeka wa kipanya tu. Ukiendelea kuruka, nunua kipanya cha kawaida cha waya. Usivutwe na namba kubwa za DPI, yaani kipimo cha wepesi wa kipanya kuhisi mwendo wa mkono, kwa sababu namba hiyo huongeza mwendo wa mshale bila kuukuza, na kwenye skrini yenye nukta 1024 kwa 768 mwendo mkubwa hufanya kulenga kuwe kugumu zaidi. Ikiwa kompyuta yako ina tundu la mviringo la kijani la PS/2 peke yake, hakikisha kipanya kinalikubali, na uzime mashine kabla ya kukichomeka.

Programu za kulipia, kama CursorFX ya Stardock, naziweka nafasi ya tano. Zinatoa vivuli, mng'ao na michoro mikubwa, na kwa anayependa mapambo ni furaha ya kweli. Lakini programu ya namna hiyo lazima iwe inafanya kazi wakati wote, na kwenye mashine dhaifu mshale unaochelewa nyuma ya mkono hata kidogo huchosha kuliko mshale usiopendeza. Tafuta kwanza toleo la majaribio, kama lipo. Litumie kwa wiki nzima ya kazi za kawaida kabla ya kulipia.

Viendelezi vya kivinjari vinavyobadilisha kielekezi ni vya mwisho kabisa. Vinafanya kazi ndani ya kurasa za tovuti tu, kwa hiyo mshale unageuka sura kila unapovuka ukingo wa ukurasa, na vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua. Kama kimoja kimo tayari kwenye kivinjari chako, kiondoe kwenye orodha ya viendelezi leo, kisha urudi kwenye kichupo cha Pointers.